Mashujaa Wasiojipakulia

Panga zilikuwa za plastiki. Mwenyekiti wa wanaume wa kanisa letu aliziagiza mtandaoni, zikaja kwenye boksi refu, na mume wangu akatumwa kuzichukua posta ya Guildford, mtaa wetu huku ughaibuni. Aliingia nazo nyumbani kwa heshima zote, akachomoa mmoja, akasimama katikati ya sebule na kuupunga. Mwanamume mzima, kitambi mbele, shati la kazi bado mwilini.

"Unaonaje, mama watoto?"

"Naona taa," nikamwambia. "Ukiivunja utanunua."

Mwenyekiti alikuwa amekwenda kwenye semina ya wanaume, sijui wapi huko, akarudi na mashujaa. Si mashujaa wetu, hapana. Wale wapanda farasi wa Ulaya ya zamani, wenye mavazi ya chuma, ngao na bendera. Alitutangazia kanisani kwamba nyumba zetu zinayumba kwa sababu wanaume wamesahau kuwa walinzi, kwa hiyo kutakuwa na Karamu ya Mashujaa. Kila mwanamume angevaa joho, apige goti, mzee wetu mmoja amguse bega kwa upanga, ale kiapo cha kulinda nyumba yake, halafu wale chakula cha mchana. Wanaume walipiga makofi hadi watoto waliolala wakaamka.

Mzee aliyechaguliwa kushika upanga alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa amekuja kutoka Kenya kututembelea, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mvi nyingi kuliko wote, heshima hiyo ikamwangukia.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana lote lililotokea linatokana nalo. Baba mkwe wangu ana kisukari, na kabla ya kula huchomwa sindano ya insulini. Sindano ile haina subira. Ukishachoma, unakula papo hapo. Usipokula, sukari inashuka, jasho linakutoka, akili inapotea, na ukiachwa hivyo unaweza kufa huku umekaa kitini watu wakidhani umesinzia. Mimi ni nesi, nimeyaona haya kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Na jambo la pili: mzee huyu hajawahi kujipakulia chakula maishani mwake. Sisemi kupika. Nasema kushika upawa, kuchota wali, kuuweka kwenye sahani. Ukimwekea sufuria mbele yake na sahani pembeni, atakaa hapo aiangalie sufuria kwa upole kabisa mpaka mwanamke apite. Nje ya hilo ni mtu mzuri sana. Ana utani, ananiita "mama" kama binti aliyemzaa, na jioni akinisikia narudi kutoka kazini huniambia pole kabla mume wangu hajakumbuka kuinua macho kwenye simu. Nampenda yule mzee, na ndiyo maana nilikasirika vile nilivyokasirika.

Sasa, mashujaa wale mimi nilikuwa nawajua kuliko mwenyekiti. Kazi yangu iko Toongabbie, kwenye nyumba ya wazee, lakini watoto walipokua kidogo nilijiandikisha chuo kikuu pale Parramatta, somo moja moja, fasihi, kwa sababu nilichoka kusoma majina ya vidonge tu. Muhula ule tulikuwa na fasihi ya Ulaya ya enzi za kati. Nilisoma kwenye treni, nilisoma jikoni vitunguu vikiungua, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyosonya.

Wacha niwaambie. Shujaa wa vitabu vile hawezi hata kujivalisha. Lile vazi la chuma lazima mtu amfunge kwa nyuma, na farasi lazima mtu amshikie. Akishapanda anaingia msituni kutafuta wa kupigana naye, wala hakuna aliyemtuma. Anakutana na mwenzake naye amejifungia ndani ya chuma, hawajuani, hawadaiani, lakini ng'o, hakuna kupishana njia, lazima wagongane mpaka mmoja aanguke. Wakivua kofia, kumbe ni binamu! Basi wanakumbatiana na kulia. Wanalia sana wale watu, tena wanazimia. Sisi tukilia tunaambiwa ni wanawake, wao wakilia zinaandikwa kurasa.

Na mwanamke? Mwanamke yuko dirishani. Kazi yake ni kupendeza, kuibwa na kuokolewa, na katikati ya hayo anangoja. Akiwa malkia, ndiyo kwanza anapata kazi ya maana: anazunguka ukumbini na kikombe akiwanywesha askari wa mumewe. Malkia mzima! Taji kichwani na bado anagawa pombe.

Wala msidhani nawacheka Wazungu peke yao. Tenzi zetu za zamani nazo zimejaa farasi na damu, mwanamume anafyeka maadui beti kwa beti, na mwanamke akipewa beti zake ni za mawaidha: mume akirudi mpokee hivi, akila msimamie vile. Bahari ilitutenganisha nao lakini jikoni tulikutana.

Kilichonikera zaidi kilikuwa chakula. Kila baada ya kurasa chache kuna karamu. Nyama, mikate, mvinyo, ndege waliochomwa wazima wazima. Chakula kinatokea tu mezani, hakuna anayemenya hata kitunguu kimoja. Siku moja nikanyoosha mkono darasani nikauliza, "Nani amepika?" Darasa likacheka. Kijana mmoja mwenye ndevu, aliyekuwa akihusudu panga kupita kiasi, akasema hilo si muhimu kwa hadithi. Nikamwambia si muhimu kwa aliyekwisha kula.

Mwalimu wetu hakucheka. Alisema ziko habari za kutosha kwamba wavulana wa koo kubwa, kabla ya kuruhusiwa kugusa upanga, walipelekwa kulelewa katika nyumba za wakubwa wengine, na huko kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhudumu mezani. Walikata nyama, wakawanawisha wazee mikono, wakawapa chakula, wakasimama pembeni mpaka wazee washibe. Ushujaa ulianzia hapo. Hilo nililishika, nikatoka nalo darasani nikicheka peke yangu hadi kituo cha treni.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponipigia simu, nilikuwa tayari. Mwenyekiti anafanya kazi ofisini hapo hapo Parramatta na ana sauti nene anayoipenda kuliko sisi tunavyoipenda. "Dada, nasikia unasomea mambo ya mashujaa. Hebu tuandikie kiapo, kiwe na uzito." Nikakiandika. Nitamlinda mjane na yatima. Nitamheshimu mzee. Sitampita mnyonge njiani. Na kabla sijashika upanga nitashika upawa, niwapakulie wakubwa wangu.

Akanipigia tena akicheka. "Dada, una utani wewe! Kiapo ni kizuri mno, ila huo mstari wa mwisho tumeuondoa."

"Si ndivyo walivyofanya wenyewe hao mashujaa wenu?"

"Hayo ni yao. Sisi ni Waafrika, tuna mila zetu."

Nikamuuliza kama panga za plastiki na majoho ya mashuka ni mila za babu yake upande wa baba au upande wa mama. Akasema mtandao unakatakata.

Maana kanisani kwetu mwanamume hajipakulii. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini ndiyo inayoshikwa kuliko Amri Kumi. Wakenya na Wakongo tunabishana juu ya kila kitu, nyimbo, muda wa ibada, pilipili, lakini hapo wanaume wote ni ndugu. Akina mama wanasimama nyuma ya meza na vijiko, wanaume wanapita na sahani, na wazee wanaletewa walipokaa. Mwanamume akionekana amefunua hotipoti mwenyewe, watamwuliza kama mkewe amemtoroka.

Tarehe waliipanga bila kutuuliza. Jumamosi! Karibu kila mwanamke wa kanisa letu anafanya kazi ya kutunza wagonjwa au wazee, na Jumamosi ndiyo siku tunayoigombania kwa sababu hulipwa vizuri zaidi. Wote tulikuwa na zamu. Tukapika Ijumaa jioni, na asubuhi mimi na mwenzangu mmoja tukapeleka chakula ukumbini Guildford: pilau, kuku, ndengu, chapati, na sombe, yaani kisamvu, ya akina mama wa Kikongo. Tulipanga hotipoti zote mezani. Wanaume walikuwa wakipanga viti na kujaribu majoho.

Nikasema kwa sauti, wakanisikia wote: "Jamani, sisi tunakwenda kazini, hakuna mwanamke atakayebaki. Chakula hiki hapa, vijiko hivi hapa, sahani hizi hapa. Mtajipakulia."

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka, na mume wangu akacheka kuliko mwenyekiti. Nilidhani wanacheka kwa aibu. Kumbe walidhani nimewachekesha.

Nikamvuta mume wangu pembeni, nikampa kimkoba cha sindano za baba yake. "Mchome chakula kikiwa mezani na watu wanaanza kula. Sindano, sahani. Sindano, sahani. Umenielewa?"

"Mimi ni mtoto? Nimekuelewa."

Alikuwa amevaa shuka langu jeupe la wageni.

Kazini, nilipopata mapumziko, nikampigia. Nyuma yake nilisikia makofi na kipaza sauti kikipiga kelele. Nikauliza kama baba amekula.

"Ndiyo tunakaribia. Mchungaji amekwisha kuombea chakula, nikamchoma, sasa wanamalizia kiapo."

"Ulimchoma saa ngapi?"

"Si muda mrefu sana. Labda saa nzima hivi. Anatoka jasho kidogo, ukumbi una joto."

Nikamwambia ainuke sasa hivi, aende mezani, ampe baba yake soda kisha ampakulie chakula, asingoje kiapo wala mtu yeyote. Alisema sawa. Nilimfahamu aliposema sawa ile, ni ile ya kumaliza simu. Nikamweleza msimamizi wangu, nikachukua funguo za gari nikatoka na sare yangu.

Toongabbie hadi Guildford si safari. Siku ile taa zote zilikuwa nyekundu, na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyeendesha kana kwamba amebeba mayai. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nilimwomba Mungu, nikamtukana mwenyekiti, nikamwomba Mungu msamaha, nikamtukana tena. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Nilikuwa naona jinsi nitakavyowaambia watu nyumbani kwamba mzee amefia kwenye karamu akiwa na njaa.

Nikasukuma mlango wa ukumbi. Wanaume wote waligeuka, na nyuso zao zikachangamka! Wamekaa safu kwa safu na majoho yao ya mashuka, panga mapajani, na mbele yao hotipoti zimepangwa vile vile tulivyoziacha. Sahani zilikuwa hazijaguswa. Wengine wakaanza kupiga makofi. Ndugu mmoja Mkongo aliyekaa karibu na mlango akasimama kunipokea: "Karibu mama! Tuko tunangojea bamama." Na mwenyekiti, kwenye kipaza sauti: "Bwana asifiwe, akina mama wamefika!"

Baba mkwe wangu alikuwa meza kuu, kwenye kiti cha heshima, kidevu kifuani. Upanga ulikuwa umeanguka chini. Shati lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Mume wangu alikuwa kando yake, amemwekea mkono begani, macho yake kwangu.

Nilipita katikati yao, nikaangusha viti. Nikamwinua mzee kichwa, akanitazama bila kunijua, akaniita jina la dada yake aliyekufa zamani. Soda zilikuwa kretini, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikafungua moja nikampa kidogo kidogo. Alimeza mara chache kisha akawa anaiachia inatiririka, nikaogopa itampalia, nikachota sukari kwenye bakuli la chai nikaanza kumpaka ndani ya shavu kwa kidole. "Pigeni simu ambulensi!" Wakaangaliana. Wanaume wale wote, wametoka kuapa kwa sauti moja kwamba hawatampita mnyonge njiani, wakaangaliana nani apige simu. Aliyepiga ni yule ndugu Mkongo.

Huku nampaka sukari nilimwuliza mume wangu, bila kumtazama, kama hakunisikia kwenye simu. Akasema alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni kweli, mama," yule ndugu akasema, simu bado sikioni. "Alisimama, akafika mpaka kwa chakula, akafungua, akashika na kijiko. Sasa président, huyu mwenyekiti, akasema kwa mikro, ndugu kaa, usitutie haya, bamama bako njiani. Batu bakacheka. Akarudi akakaa."

Haki ya Mungu, mkono wangu ulitaka kumwacha mzee umzabe mtu kofi. Alikuwa amefunua! Kijiko alikuwa nacho mkononi, pilau iko chini ya pua yake, na baba yake anayemtegemea yuko hatua chache nyuma yake anakwisha, na kicheko cha wanaume waliovaa mashuka kikamrudisha kitini. Hawa ndio wangetulinda. Adui akija mlangoni nadhani wangemwambia angoje kidogo, akina mama wako njiani.

Mzee akaanza kurudi. Kwanza vidole, halafu macho, halafu akasema, "Mama, mbona unalia?" Sikuwa nimejua kwamba nalia. Wahudumu wa ambulensi walikuwa wawili, wote wanawake, wakampima, wakamtundikia sukari kwenye mshipa, wakamwinua na kumweka kwenye machela. Wanaume waliwapisha njia kwa adabu sana.

Nilikuwa natafuta viatu vya mzee chini ya meza mwenyekiti aliponijia, joho limemwanguka bega moja. Akainama. Nikadhani anaomba radhi.

"Pole sana, dada. Mungu ni mwema. Samahani, eti kuna mama mwingine yeyote anakuja? Maana chakula kinapoa."

Kisha nikaenda mezani nikafunua hotipoti zote, moja baada ya nyingine, nikaviweka vifuniko sakafuni, nikatoka nyuma ya machela. Baadaye niliambiwa walikaa hivyo hivyo mpaka pilau ikapoa kabisa, ndipo yule ndugu Mkongo akachukua sahani, na wengine wakamfuata wakitazama pembeni.

Hospitalini walimweka mzee kwenye chumba cha uangalizi. Sukari ilipanda ikatulia, daktari akasema yuko salama ila atalala hapo usiku huo. Daktari aliuliza ilikuwaje mpaka asile, na mume wangu akajibu haraka kwamba baba alisahau.

"Hakusahau," nikamwambia daktari. "Alikuwa anangoja kupakuliwa." Daktari akaandika kitu, sidhani alielewa.

Jioni mhudumu akaleta sinia, akaiweka kwenye kile kimeza chenye magurudumu, akaondoka. Ilikuwa na sahani iliyofunikwa, kijiko na uma pembeni. Mzee alikuwa amekaa, mito mgongoni, uso wake umerudi. Mume wangu alikuwa upande ule wa kitanda na mimi upande huu, kwenye kiti. Harufu ya supu ilitoka chini ya kifuniko.

Mzee akaitazama sinia, mikono imetulia juu ya blanketi. Kisha akanitazama mimi, kwa upole wake ule ule. Mume wangu naye akanitazama.

Sikuinuka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliiona sahani iliyofunikwa mbele ya mwanamume na sikuinuka. Hakuna aliyekuwa anakufa tena, nilikuwa nimesoma mashine mwenyewe. Nikaweka mikono yangu mapajani.

"Ngoja kidogo, Baba," mume wangu akasema. "Mama watoto amechoka kidogo, ata..."

"Nilikuona," mzee akasema.

Mume wangu akaishika reli ya kitanda.

"Pale ukumbini. Nilikuwa siwezi kuinua ulimi, lakini macho yalikuwa yanaona. Nilikuwa nakufa, na wewe mwanangu ulikuwa unaangalia mlango."

Nilidhani mume wangu atasema samahani. Alipojibu, alijibu polepole, na bila ukali wowote.

"Na wewe pia, Baba. Tulikuwa tunauangalia wote wawili."

Wakabaki wanatazama ile sinia iliyokuwa katikati yao, baba na mwana, hakuna aliyesogeza mkono. Nikachukua mkoba wangu, nikawaaga, nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye lifti niliposikia kifuniko kikianguka sakafuni, kama kimeinuliwa na mkono usiozoea. Lifti ikafunguka, nikaingia.